Kura Kumi na Moja za Anwani Moja

Penseli ya Lorna Tjarks ilikuwa nyekundu, imechongwa hadi ikawa fupi kama kidole gumba, na alikuwa nayo tangu enzi za kuhesabu kura katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Miaka ishirini na miwili, kila Novemba, alikaa kwenye meza ile na daftari la wapiga kura mbele yake. Wilaya iliponunua mashine za kuhesabu ikamshukuru kwa barua na keki, na Lorna akaondoka na penseli. Hakuna aliyemdai.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa chuoni, katika chumba cha mitambo ya kompyuta. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, katika mji mdogo wa Iowa uliozungukwa na mahindi pande zote nne. Lorna alifunga na kufungua kanda kubwa za kumbukumbu, akailisha printa karatasi zile pana zenye matundu pembezoni, akachana kurasa na kuzipanga kwenye visanduku vya walimu. Chumba kilipozwa kwa ajili ya mitambo, si kwa ajili ya watu, kwa hiyo hata Julai alivaa sweta. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kaka mmoja, Eilert, aliyebaki na shamba la wazazi maili sita nje ya mji, na kila Jumapili alikwenda kula kwake.

Ni katika chumba hicho cha baridi ndiko alikoingia kwenye mambo ya Usenet, yale makundi ya mazungumzo yaliyopita kwenye kompyuta za vyuo na kampuni, zamani hizo watu wengi walipokuwa hawajasikia kabisa habari za mtandao. Kulikuwa na kundi la wafuga kasuku, kundi la wapenzi wa treni za kuchezea, kundi la wanaobishana juu ya Mungu. Sasa, ukitaka kundi jipya, hukulianzisha tu kama unavyofungua mlango. Ulitoa pendekezo hadharani, kwenye kundi la mapendekezo ambalo wenyewe waliliita baraza. Watu wakalijadili, na kujadili maana yake kuligombania. Kisha ikaitishwa kura ya wiki tatu: kila mtu mwenye neno la kusema anatuma barua yake kwa mhesabu asiye na upande. Ili kundi lipite, ndiyo lazima zizidi hapana kwa mia moja, na ziwe angalau mara mbili yake. Likishindwa, mnakaa miezi sita kabla ya kujaribu tena.

Na kura haikuwa ya siri. Hilo lilimshangaza Lorna mwanzoni, yeye aliyezoea pazia la kupigia kura. Hesabu ikikamilika, mhesabu alitoa orodha nzima: jina, anwani, ndiyo au hapana, dunia nzima ione, na siku tano zikaachwa za pingamizi. Baadaye akaipenda desturi hiyo. Kule kanisani watu walilazimika kumwamini. Hapa aliyekuwa na shaka angehesabu mwenyewe.

Alikuwa amejitolea kuhesabu kura kumi na nne kufikia mwanzo wa mwaka wa tisini na tatu, na hakuna hata moja iliyobatilishwa. Barua zikiingia, yeye hakuziachia kompyuta peke yake. Alizichapa zote, akakaa na penseli nyekundu, akapiga vijiti vinne na cha tano kukatiza, kama alivyofundishwa kanisani.

Ya kumi na tano ndiyo ililetwa na Wendell Kroeker.

Wendell alikuwa mpuliza vioo katika maabara ya kemia ya chuo kimoja cha Kansas. Mirija, chupa za shingo ndefu, vyombo vyenye matumbo mawili, vyote alivitoa kwenye moto kwa pumzi yake. Pumzi hiyohiyo iliyotii mbele ya moto ilimkataa akifungua mdomo kuzungumza. Alikuwa na kigugumizi, kile kizito, cha kumfunga mtu hadi shingo inasimama mishipa. Alitaka kundi la watu wenye kigugumizi, na kwenye pendekezo lake aliandika kwamba huko mtu angezungumza kwa vidole, na vidole vyake havijawahi kukwama.

Mngedhani jambo kama hilo lingepita kimya kimya. Mabishano yalichukua mwezi mzima. Kwanza waligombania tawi la kulitundika: wengine wakasema kundi la afya, wengine la sayansi, wengine jamii. Kisha wakagombania jina. Mtu mmoja akasema jina ni refu mno, mwingine akasema ni fupi na litawachanganya watu na wanaojifunza hotuba. Bwana mmoja wa Oregon akatangaza kwamba atapiga hapana, kama alivyopiga hapana kwa kila kundi tangu mwaka wa themanini na tisa, kwa sababu makundi yameshakuwa mengi. Na katikati ya yote alikuwepo Merrick Pell.

Pell alikuwa mwandishi wa programu huko New Jersey na kanuni zote za kura alizijua kwa moyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukukumbusha kifungu cha tatu wakati wewe unalia. Lorna hakuwahi kumwona kwa macho, lakini alimfahamu vizuri, kwa sababu alifanana na mawakala wa vyama waliokuwa wakimsimamia nyuma ya kiti kanisani, wakimpumulia kisogoni, na ambao, akikiri ukweli, walimfanya ahesabu vizuri zaidi.

Kura ikaitishwa. Wiki tatu barua zikaingia, nyingine na maneno mazuri, nyingine na matusi, Lorna akipiga vijiti. Siku ya mwisho, zikiwa zimebaki saa mbili mlango ufungwe, ikaja barua ya mama mmoja aitwaye Corinne Haugstad, mwalimu wa usemi katika kliniki ya chuo kimoja cha Wisconsin. Ndani yake mlikuwa na majina kumi na moja, na mbele ya kila jina neno ndiyo. Chini yake akaandika kwamba hao ni watu anaowatibu, hawana kompyuta, na wote wamemwambia wanataka kundi hili.

Kanuni ilikuwa wazi kama mchana. Mpiga kura anatuma barua yake mwenyewe, kutoka anwani yake mwenyewe. Kupigiwa na mwingine hakuna.

Lorna aliisoma barua ile mara mbili. Penseli ilikuwa mkononi. Kisha mawazo yake yakaondoka chumbani, yakaenda hadi Novemba ya mwaka wa sabini na sita.

Kanisani kwao mpiga kura alisimama mbele ya meza akasema jina lake kwa sauti, ili kila mtu asikie, ndipo likatafutwa daftarini. Siku ile akaja Eilert. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amevaa kofia yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi, na nyuma yake foleni ya majirani waliomjua tangu anavaa nepi. Akafungua mdomo kusema jina lake na jina halikutoka. Foleni ikatazama sakafu. Wakala wa chama akatazama saa. Lorna akamwona kaka yake anavyohangaika, moyo ukamuuma, akasema yeye, haraka na kwa tabasamu: Eilert Tjarks, barabara ya nne, jamani sote tunamjua. Akaandika. Akamsogezea karatasi ya kura.

Eilert hakuichukua. Alimtazama dada yake, akaishusha kofia, akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga chumba kile, na hawakuwahi kulizungumza. Lorna alijiambia kwamba kaka yake aliaibika kukwama mbele za watu. Akaona kosa ni la ile kanuni ya kusema jina, na la wakala mwenye saa, na akaliacha jambo hapo.

Basi penseli ikashuka. Vijiti vinne, kimoja kukatiza. Vijiti vinne, kimoja kukatiza. Na kimoja peke yake. Kumi na moja.

Jumatano asubuhi akatoa matokeo. Ndiyo mia moja sitini na nane, hapana sitini na moja. Zimezidi kwa mia moja na saba. Kundi limepita, siku tano za pingamizi zianze. Wendell akamwandikia mstari mmoja tu, kwamba amechapisha ukurasa ule na kuubandika ukutani juu ya tanuri lake.

Mchana wa siku hiyohiyo Pell akaandika, mbele ya kila mtu.

"Lorna, nakuheshimu, ndiyo maana sikuulizi pembeni. Tazama herufi H kwenye orodha yako ya anwani. Majina kumi na moja, anwani moja. Kama hukuona, vaa miwani. Kama uliona, tuambie kwa nini ziko hapo."

Ukishatupa jiwe kwenye banda la kuku huhitaji kusubiri. Upande mmoja ukasema Pell ana moyo wa chuma, kwamba kanuni iliwekwa kwa ajili ya walaghai, na hapa ni nani aliyedanganya? Upande wa pili ukasema leo mwalimu, kesho mtu atapigia ukoo mzima. Mmoja akaandika kwamba mbwa wake ana maoni makali kuhusu kila kundi, na anwani anayo, ni ileile ya bwana wake, je, naye ahesabiwe? Corinne mwenyewe akaandika kwa uchungu. Alimuuliza kila mmoja, alisema, na kila mmoja akakubali. Sasa anyamazishwe mtu kwa sababu hana mashine? Tena watu hawa, kati ya watu wote?

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na hata Pell aliuona. Alijibu kwa mistari miwili: "Bi Haugstad, mashine unayo wewe, na kibodi haina kigugumizi. Ungeomba chuo chako kiwafungulie anwani, ukamkalisha kila mmoja dakika tano."

Wengine wakaanza kuuliza kama mhesabu huyu bado anafaa. Lorna akasoma yote. Alhamisi akafunga kanda, akafungua kanda. Kilichomsumbua haikuwa kubishana. Alijua kabisa angeweza kujitetea. Angeandika kwamba anwani moja inaweza kutumiwa na watu wengi, jambo ambalo ni kweli, kwani mume na mke walikuwa wakifanya hivyo kila siku, na nusu ya baraza wangemuunga mkono, kundi la Wendell likabaki hai. Sentensi hiyo alikuwa nayo tayari. Lakini mume na mke walituma kila mmoja barua yake, na yeye alilijua hilo tangu kura yake ya kwanza.

Ijumaa saa kumi alasiri simu ya ukutani ikalia, ile iliyo kando ya printa. Namba yake aliiweka chini ya kila barua, ila hakuna aliyewahi kuipiga. Watu wa makundi wangeandika kurasa kumi kuliko kuinua simu. Akaipokea. Kimya. Akasema haloo mara ya pili. Kimya. Alikuwa anairudisha kwenye ndoano yake aliposikia pumzi, na mkono ukasimama, kwa sababu pumzi ile aliijua. Alikua nayo meza moja. Ni pumzi ya mtu ambaye yupo, ana neno, na neno limesimama mlangoni.

Akaizima printa. Akavuta kiti. Ukutani kulikuwa na saa, akageuza kiti ili asiione.

"Wendell," simu ikasema mwishowe.

Jina la pili Lorna alilijua. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, Kroeker, neno dogo, angelimsaidia nalo na mambo yakaenda. Akaichukua penseli nyekundu akaiuma kwa meno. Alisubiri. Mtu kusubiri neno la mwenzake kwa ukweli, bila kumsukuma hata kwa kuguna, ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, mabega yalimuuma. Na neno likafika.

Maneno ya Wendell nayaandika hapa yakiwa yamenyooka. Hayakutoka yamenyooka. Yangetoka hivi, mazungumzo yale yangechukua dakika tatu; yalichukua karibu nusu saa.

"Bi Tjarks, zile kumi na moja," alisema. "Zitoe."

Lorna akaitoa penseli mdomoni. "Bwana Kroeker, nikizitoa hufiki. Unabaki na tofauti ya tisini na sita."

"Kuhesabu najua."

"Utakaa miezi sita."

"Nimezoea kungoja," akasema, na Lorna akasikia kwamba anacheka. Kisha akakaa kimya kile cha kawaida, si kile cha kukwama, na Lorna akagundua kwamba sasa anaweza kuvitofautisha. "Corinne ni mtu mwema. Wote wanaonisemea ni watu wema. Mama yangu alikuwa mwema. Hapa kwetu kuna mhudumu wa mgahawa, nikifungua mdomo tu anasema, mayai ya kukaanga, najua mpenzi, usijisumbue. Mama wa watu, ana roho safi. Mwaka wa kumi na tisa huu nakula mayai ya kukaanga. Siyapendi."

Lorna alicheka kabla hajajizuia, kisha akashika mdomo.

"Cheka tu, ni ya kuchekesha," Wendell akasema. "Lakini kundi hili nilitaka liwe mahali ambapo hakuna wa kunikatisha. Sasa lianze na watu kumi na moja waliosemewa?"

"Nilitaka kukusaidia," Lorna akasema. "Niliziona, nikaziacha kwa makusudi."

Hapo mstari ukakaa kimya kile cha kukwama, muda mrefu kuliko vyote, na Lorna akauma penseli hadi rangi ikamshika midomoni.

"Nilihisi hivyo," Wendell akasema. "Ndiyo maana nimepiga simu. Sipigagi simu."

Wendell alipokwisha kukata simu, Lorna alikaa. Printa ilikuwa imezimwa na chumba kilikuwa na mlio wa feni tu. Aliiangalia ile orodha, akaanza kuyakata majina moja moja kwa penseli, kwa mstari mwembamba ili jina libaki linasomeka, kama alivyofundishwa.

Masahihisho aliyatoa kabla ya kwenda nyumbani. Ndiyo mia moja hamsini na saba, hapana sitini na moja, tofauti tisini na sita. Kundi halikupita. Aliweza kuishia hapo. Akaongeza: "Merrick aliuliza kama niliona. Niliona. Sikupitiwa na sikusinzia. Nilikuwa na sababu zangu, na sababu zangu hazimo kwenye kanuni. Baraza likitaka mhesabu mwingine, nitampa makaratasi yote."

Jumamosi nzima baraza likawa kama kuku walionyeshewa. Aliyevunja kimya ni Pell mwenyewe, na watu walioketi wakisubiri ammalize walipata mistari mitatu. Sababu za Lorna, aliandika, hataki kuzijua. Kura ikirudi anaomba ahesabu Lorna. Na yeye binafsi atapiga hapana tena, kwa kuwa jina bado ni refu.

Jumapili Lorna akaenda shambani. Eilert alikuwa amepika nyama ya ng'ombe na viazi na karoti, chungu kimoja, kama mama yao alivyopika. Walikula. Eilert alizungumzia theluji iliyochelewa kuyeyuka kwenye shamba la chini. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja sasa, na alizungumza kama siku zote, kidogo, akiyapita kando maneno yaliyomshinda.

Walipofika kwenye pai, Lorna akaweka uma chini.

"Eilert. Siku ile kanisani, mwaka ule wa sabini na sita. Nilipokusemea jina."

Eilert akaendelea kukata pai yake vipande vidogo.

"Uliondoka kwa sababu ulikwama mbele za watu?"

Alitikisa kichwa kukataa. Akafungua mdomo, na Lorna akaona neno linakuja kutoka mbali. Mikono yake aliikalia, kweli kabisa, aliiweka chini ya mapaja kama mtoto. Saa ya jikoni ikagonga.

"Nilikuwa nimekaribia," Eilert akasema.

Basi. Akala kipande cha pai. Baadaye, akiwa anaosha sahani na mgongo umegeuka, akaongeza kwamba alikuwa amelishika jina lile, limefika hapa, na akagusa meno yake kwa kidole. Kwamba nusu dakika nyingine lingetoka. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha ilipokuwa ghala kabla haijaungua. Lorna akafuta sahani iliyokwisha kukauka.

Kiangazi kikapita, mahindi yakapanda hadi yakaficha barabara. Oktoba Wendell akaleta pendekezo upya, baraza likagombana tena juu ya jina kana kwamba halijawahi kugombana, na kura ikaitishwa. Katika muda huo Corinne, ambaye kwa miezi miwili hakumsemesha Pell, alikuwa amefanya kilekile Pell alichomwambia: alikiomba chuo chake anwani kumi na moja na kikazitoa.

Barua zao zikaingia moja moja. Lorna alikuwa na yale majina aliyoyakata mwezi wa Machi, na ingawa kazi ya mhesabu si kumngoja mtu, aliwangoja. Wa kwanza alikosea namna ya kuandika kura na ilibidi arudishiwe fomu mara mbili. Mwingine aliandika ndiyo kisha aya nne za maisha yake, ambazo hazikuhitajika na Lorna alizisoma zote. Siku ya mwisho walikuwa tisa wenye ndiyo. Mmoja hakutuma chochote. Na mmoja, Tobias Quenzer, alituma hapana.

Lorna akaitafuta orodha ya zamani. Machi mtu huyu alikuwa ndiyo, kwa mkono wa Corinne na kwa penseli yake mwenyewe. Chini ya kura Quenzer alikuwa ameeleza, bila kuulizwa, kwamba hataki kundi la wenye kigugumizi. Tayari yumo kwenye kundi la wavuvi wa samaki wa chini ya barafu, amezungumza nao miaka miwili, na hakuna hata mmoja wao anayejua. Hivyo ndivyo anavyopenda. Machi hakukubali, aliandika. Alikuwa bado anajibu wakati mwalimu alipoandika ndiyo.

Ndiyo mia mbili na tatu. Hapana hamsini na nane. Siku tano zikapita na hakuna aliyepinga, hata Pell, na kundi likafunguliwa. Wendell alipoona orodha akamwandikia Lorna juu ya Quenzer peke yake, hakusema kitu kuhusu ushindi. Akasema barua ya kwanza atakayoiweka kwenye kundi jipya haitamtaja mtu huyo kwa jina, ila itamhusu.

Jumapili ile Lorna alikwenda shambani na orodha kwenye mkoba, kurasa zile pana zimekunjwa. Eilert, ambaye kompyuta aliiona mara moja tu kwenye duka la matrekta, alisikiliza habari yote kutoka mwanzo, penseli, anwani moja, simu, mayai ya kukaanga. Kwenye mayai alicheka hadi akavua miwani. Kisha akauliza kuhusu yule wa hapana. Alitaka kujua anaitwa nani.

Jina lilikuwa mdomoni mwa Lorna, limeshaiva. Akazikunjua kurasa, akazilaza juu ya meza kati ya sahani, akazigeuza zimwelekee kaka yake.

Eilert akavaa miwani. Kidole chake kikashuka polepole kwenye majina, wote wale watu na ndiyo zao na hapana zao, hadi kikasimama. Akavuta pumzi. Lorna akatazama dirishani, ambako shamba lilikuwa limevunwa na mtu aliweza kuona tena hadi barabarani. Akashika kikombe chake kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa inapoa, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Tobias Quenzer," Eilert akasema.